Kwa nini simu humkopesha mmoja na kumnyima mwingine

Ndugu wawili wanaoishi nyumba moja na kuendesha bodaboda kwenye kijiwe kimoja wanafungua menyu ya mikopo kwenye simu zao jioni ileile. Mmoja anaambiwa anaweza kukopa hadi shilingi laki moja na nusu, na mwingine anapata ujumbe usemao kwamba kwa sasa hastahili mkopo, ajaribu tena baadaye. Hakuna aliyewauliza swali, hakuna aliyejaza fomu, na ujumbe hautaji sababu yoyote. Kesho yake maelezo yanaanza kujengwa kijiweni: laini ya huyu ina bahati, yule ana mtu wake ndani ya kampuni, simu husikiliza mazungumzo ya mwenyewe, majina ya watu wa mkoa fulani hukataliwa.

Nimeyasikia maelezo ya namna hiyo mara nyingi, na ninayachukulia kwa uzito, kwa sababu yanatoka kwa watu wanaojaribu kuelewa uamuzi unaogusa riziki yao huku wakiwa hawajapewa hata sentensi moja ya sababu. Mengi kati ya maelezo hayo si sahihi. Hata hivyo, hisia iliyo chini yake, kwamba kuna jambo lisilo la haki linalotendeka, ina msingi mkubwa kuliko wakopeshaji wanavyokubali, ingawa haki hiyo haipotelei mahali ambapo watu wengi wanadhani.

Tuanze na maneno yenyewe. Mkopo wa kidijitali ni fedha ambazo mtu huomba, hupokea na kurejesha kwa simu bila kuonana na mkopeshaji. Uko wa aina mbili ambazo huchanganywa sana katika mazungumzo: ule unaotolewa na benki kwa kushirikiana na kampuni ya simu, ambao hupatikana kwenye menyu ileile tunayotumia kutuma pesa, na ule unaotolewa na kampuni ya mikopo kupitia programu ambayo mtu huipakua mwenyewe kwenye simu janja. Kikomo ni kiasi cha juu kabisa ambacho mtu anaruhusiwa kukopa kwa wakati huo. Alama ya ukopaji ni namba inayokadiria uwezekano wa mtu kurejesha deni kwa wakati, na kikomo hutokana na alama hiyo. Taarifa binafsi ni habari yoyote inayoweza kumtambulisha mtu au kumhusu yeye, kuanzia jina na namba ya simu hadi orodha ya watu anaowasiliana nao.

Neno gumu zaidi ni algorithimu, nalo limezungukwa na hofu kuliko linavyostahili. Algorithimu ni mfuatano wa hatua zilizopangwa mapema kwa ajili ya kufikia uamuzi fulani. Anayepepeta mpunga kwa ungo anafuata algorithimu: anarusha, upepo unachukua kilicho chepesi, kizito kinarudi kwenye ungo. Ungo hauna chuki na punje yoyote. Lakini ungo pia hauijui punje, unachojua ni uzito wake tu, na punje njema ambayo haikujaa vizuri itaondoka pamoja na makapi. Aliyeamua kwamba uzito ndio kipimo, na aliyeamua kupepeta penye upepo mkali au mwanana, ni mtu. Ningeomba msomaji aushike mfano huu wa ungo, kwa maana nitaurudia.

Daftari la dukani na daftari lisiloonekana

Kabla ya simu kukopesha, mtaa ulikuwa na mkopeshaji wake. Mwenye duka aliweka daftari chini ya meza, akaandika kilo mbili za unga na nusu lita ya mafuta mbele ya jina la jirani, na mwisho wa mwezi deni likalipwa. Alama ya ukopaji ilikuwamo kichwani mwake. Alijua nani hulipa, nani hukwepa kwa kupita njia ya nyuma, nani alichelewa mwezi uliopita kwa sababu alikuwa na mgonjwa hospitalini. Daftari hilo lilikuwa na dhuluma zake, kwani mwenye duka angeweza kumkopesha mtu wa kwao na kumnyima mgeni, au kumtangaza mdaiwa mbele ya wateja. Lakini lilikuwa na sifa moja ambayo leo tunaikosa: mtu angeweza kusimama mbele ya meza akasema, "Fungua tuone, hiki hapa nilikilipa," na daftari likafunguliwa.

Daftari la simu lilianza kuandikwa bila sisi kulitambua. M-Pesa ilizinduliwa nchini Kenya mwezi Machi 2007 kama njia ya kutumiana fedha, na kwa miaka kadhaa kila tulichotuma, kupokea au kununua kiliacha alama. Novemba 2012 benki iliyoitwa Commercial Bank of Africa, ambayo sasa ni sehemu ya NCBA, ilishirikiana na Safaricom kuanzisha M-Shwari, na kwa mara ya kwanza mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kukanyaga ofisi ya mikopo wakaweza kukopa kutokana na kumbukumbu hizo. Tanzania ilifuata mwaka 2014 kwa M-Pawa ya Vodacom na benki hiyohiyo. Hili lilikuwa jambo kubwa la heri na sitaki kulipuuza. Muuza mboga anayehitaji mtaji wa alfajiri hakuwa na hati ya nyumba ya kuweka rehani wala karatasi ya mshahara ya kuonesha, na benki haikuwa na namna ya kumjua. Kumbukumbu za simu zilimpa utambulisho ambao hakuwa nao.

Je, mashine hutazama nini hasa? Kila mkopeshaji ana hesabu yake na huificha kama siri ya biashara, lakini viungo vikuu vinajulikana. Kwa mikopo ya benki na kampuni za simu, hutazamwa muda ambao laini imetumika, kiasi cha fedha kinachoingia na kutoka na kwa mpangilio gani, matumizi ya muda wa maongezi, akiba iliyowekwa, na zaidi ya yote namna mtu alivyorejesha mikopo iliyotangulia. Programu za kupakua zimewahi kwenda mbali zaidi, zikaomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi ili zione miamala, pamoja na orodha ya majina yaliyohifadhiwa kwenye simu na mahali simu ilipo. Mashine haihitaji kusikiliza mazungumzo ya mtu ili kumpangia kikomo, kwa sababu inavyo vyanzo vingine vingi. Kisha hufanya kazi moja: hulinganisha kumbukumbu za mwombaji na za maelfu ya watu waliokopa kabla yake, na kuuliza, watu waliofanana na huyu walilipa au hawakulipa?

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mashine haimjui mwombaji. Inawajua watu wanaofanana naye katika mambo machache inayoweza kuyaona, na inampa yeye hukumu yao.

Uaminifu na kuonekana ni vitu viwili

Tuchukulie watu mia moja wanaofanya biashara mjini na kupokea malipo yote kwa simu, na wengine mia moja ambao ni wakulima wa korosho huko Mtwara. Tuseme pia, kwa ajili ya mfano, kwamba katika kila kundi watu themanini ni waaminifu na watalipa. Uaminifu wa makundi haya mawili ni sawasawa kabisa. Lakini kwa wafanyabiashara wa mjini mashine inaona fedha ikiingia kila siku, hivyo inaweza kuwatenga kwa usahihi wa kutosha wale themanini na wale ishirini. Mkulima wa korosho anauza kwa msimu, minada ikianza kwenye mwezi Oktoba, na malipo yake hupitia chama cha ushirika hadi akaunti ya benki. Kwenye laini yake ya simu kuna miezi mingi ya ukimya. Mashine inashindwa kumtofautisha mkulima mwaminifu na asiye mwaminifu, na kwa kuwa haiwezi kuwatofautisha, inawapa wote kikomo kidogo au inawanyima wote.

Hakuna aliyewachukia wakulima, na hakuna aliyeandika amri kwamba watu wa Mtwara wasikopeshwe. Na bado watu themanini waaminifu wamehesabiwa kama wasioaminika. Ndiyo maana ninashikilia kwamba alama ya ukopaji, kwa sehemu kubwa, haipimi uaminifu wa mtu, bali inapima kiasi ambacho mashine inaweza kumwona. Wale ndugu wawili wa bodaboda inawezekana wanatofautiana kwa jambo hilo tu: mmoja hupokea nauli kwa simu, mwingine hupenda abiria wamlipe noti mkononi.

Mifano ya aina hii ni mingi pindi mtu anapoanza kuitazama. Mwanamke ambaye biashara yake ya vitenge inapitia laini ya mumewe, kwa sababu ndiyo iliyozoeleka na wateja, anamjengea mumewe alama nzuri huku yeye mwenyewe akibaki bila kumbukumbu. Mtu aliyenunua laini ambayo zamani ilimilikiwa na mwingine, kwa kuwa namba zisizotumika hurudishwa sokoni, huanza kupokea madai ya deni asilolijua. Mtu aliyepoteza simu na kukaa miezi mitatu bila kuitumia anarudi akakuta kikomo chake kimeshuka. Katika yote haya, tabia ya mtu ya kulipa madeni haijabadilika hata kidogo.

Wapo wanaojibu kwamba kompyuta haina kabila, haina shangazi na haipokei bahasha, kwa hiyo lazima iwe ya haki kuliko afisa wa mikopo. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ila kutokuwa na upendeleo wa moyo hakumaanishi kutokuwa na upendeleo wa matokeo, na ungo wetu ni ushahidi wa hilo. Watafiti waliochunguza wanunuzi wa duka moja la mtandaoni nchini Ujerumani walikuta kwamba aina ya simu aliyotumia mteja, na hata saa aliyonunua, vilisaidia kutabiri kama atalipa. Sasa fikiria mkopeshaji anayetumia kipimo hicho hapa kwetu. Hatakuwa ameuliza kipato cha mtu wala mtaa anaoishi, lakini simu ya bei nafuu itakuwa imejibu maswali yote mawili kwa niaba yake, na maskini atatozwa zaidi kwa sababu ya umaskini wake pasipo neno maskini kuandikwa popote.

Somo kubwa zaidi lililowahi kutolewa hadharani kuhusu jambo hili halikuhusu fedha. Mwezi Agosti 2020, baada ya mitihani kufutwa kwa sababu ya Uviko-19, mamlaka ya mitihani ya Uingereza ilitumia algorithimu kurekebisha alama ambazo walimu waliwapa wanafunzi wa kidato cha mwisho, ikitazama pamoja na mambo mengine matokeo ya miaka iliyopita ya shule husika. Karibu asilimia 40 ya alama zilizopendekezwa na walimu zilishushwa. Madarasa yenye wanafunzi wachache sana yalibakiziwa alama za walimu, na madarasa ya namna hiyo hupatikana zaidi kwenye shule za kulipia. Mwanafunzi hodari wa shule ambayo haikuwahi kufanya vizuri alibeba historia ya waliomtangulia. Wanafunzi waliandamana, na siku nne baada ya matokeo kutoka serikali iliachana na hesabu hiyo. Wastani wa taifa ulikuwa umetoka vizuri kwa mujibu wa mpango wao, lakini dhuluma ilikuwa imemwangukia mtu mmojammoja, mahali ambapo wastani hauoneshi kitu.

Neno haki lina vyumba vingi

Mabishano mengi juu ya mikopo hii hayafiki mwisho kwa sababu kila mmoja anasema haki akiwa na maana yake. Lugha yetu imelibebesha neno hili mzigo mkubwa: haki ni kile ninachostahili kudai, na haki vilevile ni hali ya mambo kuwa sawa. Mkopeshaji anaposema mfumo wake ni wa haki, anamaanisha kwamba kipimo kilekile kinatumika kwa kila mtu. Mkulima anaposema si wa haki, anamaanisha kwamba watu wenye uaminifu sawa wamepata matokeo tofauti. Wote wawili wanasema kweli, na kwa bahati mbaya mara nyingi haiwezekani kuwaridhisha wote wawili kwa wakati mmoja, kwani kipimo kimoja kikitumika kwa watu wanaoonekana kwa viwango tofauti, matokeo yatatofautiana tu.

Kuna maana ya tatu, nayo ndiyo ninayoiona muhimu kuliko zote kwa mtu wa kawaida: haki ya kusikilizwa. Ni ile ya kusimama mbele ya meza na kusema daftari lifunguliwe. Hatuwezi kutengeneza hesabu isiyokosea kamwe, lakini tunaweza kudai kwamba inapokosea pawe na mtu wa kuuliza, mwenye uwezo wa kuangalia upya na wajibu wa kujibu.

Wataalamu wengine wanapendekeza njia nyingine, kwamba tuiruhusu mashine ione zaidi. Mkulima atoe ruhusa ya kusomwa ujumbe wake, mahali alipo, majina yote aliyohifadhi, na alama yake itapanda. Ninakiri kwamba hilo linaweza kusaidia katika hesabu, lakini linanikera kwa sababu ya nani anaombwa kujivua. Mwenye mshahara huenda benki na karatasi mbili, na hakuna anayemwomba orodha ya majina ya ndugu zake. Asiye na mshahara ndiye anayetakiwa kuacha wazi maisha yake yote, pamoja na ya watu wengine waliomo kwenye simu yake ambao hawakuombwa chochote, ili apate elfu ishirini za kununulia bidhaa. Ningependelea kuona mikopo inayotazama kumbukumbu ambazo watu wamezitunza wenyewe kwa hiari, kama vitabu vya vikoba na vyama, ambavyo katika vijiji vingi vina historia ya miaka ya michango na marejesho ya kila mwanachama. Taarifa hizo zipo, zina ukweli mwingi, na wenye kikundi ndio wanaoamua zitoke au zisitoke.

Athari za kujivua huko nimeziona kwa karibu. Miaka michache iliyopita nilipigiwa simu na mtu wa kukusanya madeni, akinitaka kwa ukali nimwambie fundi fulani alipe alichokopa. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba fundi huyo alinitengenezea friji, na kwamba nilimpigia mara mbili tu. Namba yangu ilichukuliwa kutoka kwenye simu yake, na aibu yake ikagawiwa kwangu na bila shaka kwa wengine wengi. Sikuwa mdhamini wake. Nilipomwona baadaye hakuweza kunitazama usoni, ingawa mimi sikuwa na neno naye, na deni lenyewe alishalilipa.

Sheria zinasema nini

Wengi huamini kwamba eneo hili halina sheria. Hilo lilikaribia kuwa kweli miaka kumi iliyopita, lakini si kweli leo. Nchini Kenya, marekebisho ya sheria ya Benki Kuu yaliyotiwa saini Desemba 2021 yaliwaweka wakopeshaji wa kidijitali chini ya benki hiyo, na kanuni za mwaka 2022 zikakataza vitisho, lugha ya matusi, kumwaibisha mdaiwa hadharani, na kuwapigia simu watu waliomo kwenye orodha yake ya majina bila idhini. Kufikia Septemba 2022 maombi ya leseni yalikuwa 288, na 10 tu ndiyo yaliyokuwa yamekubaliwa. Kwa upande wa Tanzania, wakopeshaji hawa wanaangukia chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Watu walikwisha kuipa mikopo ya aina hiyo jina lake, kausha damu, pamoja na ile ya mitaani ambapo mkopeshaji hushika kadi ya benki au kubeba makochi ya mdaiwa.

Upande wa bei ndio uliokuwa mgumu kuliko wote kudhibitiwa, na sababu yake inafundisha. Mwaka 2016 Kenya iliweka ukomo wa riba za benki kuwa pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu, ambacho kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho kilikuwa kati ya asilimia 9 na 10, hivyo ukomo ukawa asilimia 13 hadi 14 kwa mwaka. Wakati huohuo M-Shwari ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Aliyekopa shilingi 10,000 alilipa 750 juu yake, kiasi ambacho kinaonekana kidogo. Aliyekopa hizohizo kila mwezi kwa mwaka mzima alikuwa amelipa 9,000. Jibu la wakopeshaji lilikuwa kwamba hiyo si riba bali ni ada ya uwezeshaji, hivyo ukomo wa riba haukuigusa. Sheria ya ukomo ilifutwa Novemba 2019. Tanzania ilichukua njia ya kuwawekea watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea akiba za watu, ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, na mapambano yamehamia kwenye ada zinazoongezwa kandokando. Kwa hiyo kabla ya kukubali mkopo wowote, jina la makato halina maana kubwa. Kinachohesabika ni fedha inayoingia mkononi, fedha itakayotoka, na idadi ya siku zilizo katikati.

Kuhusu uamuzi wa mashine, ambao ndio ulioanzisha mjadala wetu, wengi hawajui kwamba sheria imeugusa moja kwa moja. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi wenye uzito kwake kwa kutegemea mashine peke yake. Zipo tofauti, na wakopeshaji huziegemea: pale uamuzi unapohitajika kwa ajili ya mkataba, pale sheria inaporuhusu, au pale mtu alipotoa ridhaa. Lakini hata palipo na tofauti hizo, mwenye mfumo anatakiwa kumjulisha mtu kwa maandishi kwamba uamuzi umefanywa na mashine, na mtu anaweza kudai uamuzi huo uangaliwe upya au ufanywe mwingine usiotegemea mashine peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inatambua haki ya mtu kuhusu maamuzi ya kiotomatiki, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kwa mujibu wa sheria hizi, basi, ujumbe usemao "hustahili kwa sasa, jaribu baadaye" hautakiwi kuwa neno la mwisho. Sheria haimlazimishi mtu yeyote kutoa mkopo, na aliyeomba uamuzi uangaliwe upya anaweza kunyimwa tena. Tofauti ni kwamba safari hii anatakiwa awepo binadamu aliyetazama, na mkulima wa korosho anaweza kumpa binadamu huyo kitabu cha malipo ya msimu uliopita, jambo ambalo kwenye menyu ya simu halina mahali pa kuwekwa.

Nimesikia pia hoja kwamba aliyebonyeza "nakubali" hana tena la kusema. Ridhaa kisheria inatakiwa iwe ya hiari, mahususi na yenye kueleweka, na kitufe kimoja chini ya kurasa nyingi za maandishi madogo hakitoshi kuhalalisha kila kitu, wala hakiwezi kumpa mkopeshaji ruhusa ya kutenda kilichokatazwa. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu ambazo ilizipata kwa watu wengine ili kuwasumbua. Hoja nyingine, kwamba kubadili laini hufuta deni, nayo haina ukweli, kwani deni limefungwa kwenye kitambulisho cha mtu na humfuata hadi kwenye kumbukumbu za wakopaji. Kumbukumbu hizo, ambazo Wakenya huziita CRB kwa kifupi cha jina la Kiingereza la kampuni zinazozitunza (Credit Reference Bureau), huhifadhi marejesho mema pamoja na mabaya, ingawa huzungumzwa kana kwamba ni jela. Nchini Kenya kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake moja bila malipo kila mwaka, na ningemshauri yeyote aliyenyimwa mkopo aanzie hapo, kwa sababu deni la mtu mwingine lililoandikwa kwa makosa, au la kwako ulilokwisha kulipa lakini halikufutwa, huonekana hapo kwanza.

Baada ya hapo andika, na uandike kwa mkopeshaji mwenyewe kwa barua pepe au barua yenye nakala, maana maneno ya simu hayaachi ushahidi. Taja tarehe uliyonyimwa, uliza kama uamuzi ulifanywa na mashine peke yake, omba uoneshwe taarifa zako zilizotumika, na omba uamuzi uangaliwe upya na mtu, ukiambatanisha kile ambacho simu haikukiona: kitabu cha kikoba, stakabadhi za ushirika, leseni ya biashara. Usipojibiwa, peleka nakala hizohizo kwenye Tume ukiwa Tanzania, au kwa Kamishna ukiwa Kenya, ambako sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90.